Turubai Ubavuni mwa Lori

Watu wa Njombe wakikwambia wanaijua baridi, waamini. Lakini upepo ni wa Makambako. Wa Njombe unatikisa miti ya miwati, unakwenda zake. Wa Makambako unakuja kama vile una kesi na wewe. Niliishi nao enzi za Mwingereza, nikiwa mke wa dereva wa lori la barabara, na mpaka leo nikisikia bati linagongagonga mahali nakunja uso.

Nyumba yetu ilikuwa lori lenyewe. Kikosi cha barabara kilihama kila kipande kilipokamilika, kutoka Njombe kuelekea Makambako, na sisi tulihama nacho. Ndani ya bodi tulikuwa na kitanda cha mbao na sanduku la nguo. Ubavuni mume wangu alifunga turubai. Upande mmoja ulikazwa kwenye vyuma vya juu vya lori, upande wa mbele ukashikwa na nguzo mbili za miwati, na kila nguzo ilivutwa kwa kamba ya katani iliyofungwa kwenye kigingi. Kulia na kushoto tuliziba kwa mikeka ili vumbi lisiingie kwenye chakula. Ukapatikana ukumbi wenye mlango mmoja, pale mbele katikati ya nguzo. Nilikuwa nikiufagia kila asubuhi kama mke wa jumbe.

Mume wangu alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa turubai. Alinifundisha kutazama mgongo wa kilima: majani yakilala kule, usiulize, usimalizie kupepeta unga wala kumenya kiazi, simama. Unalegeza kamba, unazilaza nguzo, turubai linashuka chini lenyewe, halafu mnalikunja wawili mpaka kwenye lori na kulifunga. Lisiposhushwa mapema linajaa upepo, na likijaa hakuna mwanamume wa kulizuia. Na jambo kubwa kuliko yote, usikumbatie nguzo.

"Hii si nyumba," alikuwa akisema. "Nyumba unaishikilia. Hili unaliachia."

Alisema hivyo kwa sababu alijua sisi Wabena tulivyozoea kufanya. Kwetu upepo ukichachamaa, watu wazima huingia ndani, kila mmoja anashika mhimili na kuukumbatia mpaka utulie. Nimemwona mama yangu akifanya hivyo tangu nikiwa mdogo, kitambaa kichwani, macho yamefumbwa, anaimba wimbo wa kanisani. Paa halikuwahi kuondoka.

Mama hakumtaka dereva. Alikuwa akiishi upande wa Kidugala, kwenye mahindi yake na mianzi yake, na alitaka nipate mtu mwenye shamba. "Utaolewa na mtu asiye na mlango," alisema, akalia siku nzima. Niliolewa hivyo hivyo. Baadaye nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza, msichana, mama akatuma neno kwamba anakuja kumwona mjukuu. Nilijua anakuja kuona na mlango. Nilitaka kwa moyo wangu wote aupende ukumbi ule, ampende na aliyeujenga, arudi nyumbani akiwa ameridhika. Sikuwa na haja nyingine duniani kiangazi kile.

Sasa lazima niseme habari ya ukwe, maana bila hiyo mambo mengine hayaeleweki. Kwetu mwanamume hamtazami mama wa mke wake usoni. Hakai naye chini ya paa moja, hamsemeshi, hali mbele yake. Akikutana naye njiani anachepuka. Mchungaji wetu alituhubiria kwamba katika Bwana sote ni ndugu, lakini hata yeye akimwona mkwewe kwa mbali alikuwa anaingia kwenye mahindi ya watu na joho lake. Ilikuwa heshima, na heshima ile ilikuwa tamu kwa wanaopewa. Siisemi vibaya kwa kupenda.

Basi mama alipofika, mume wangu alihamia kwenye kibanda cha usukani. Alilala mle, alikula mle, na akitaka shati alipiga kikohozi nyuma ya mkeka ili nimpelekee. Asubuhi alitoa salamu ya kwetu, akiwa ameupa ukumbi mgongo, "Mwambie mama, kamwene." Nami nilipiga hatua chache nikamwambia mama, "Mkweo anasema kamwene." Mama, ambaye alikwisha kusikia kila neno, aliinamisha kichwa na kujibu, "Mwambie mkwe wangu, kamwene." Nilirudi na jibu. Nilibeba salamu zile huku na huku mpaka nikawa nacheka peke yangu, na nikawatania wote wawili kwamba nitaanza kudai posho ya tarishi.

Mama alimbeba mjukuu, akapika, akafagia kabla sijaamka. Aligusa kamba, akagusa vigingi, akalitazama turubai lilivyoshonwa viraka kwa uzi wa viatu. Siku moja, bila kuulizwa, akasema, "Mwambie mkwe wangu nyumba yake nimeipenda." Nilikimbia kumwambia. Alikuwa chini ya lori anarekebisha springi, na kwa muda hakuonekana ila miguu. Halafu ile miguu ikaanza kuchezacheza. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena.

Siku iliyofuata wanaume wengine walikuwa barabarani na sururu zao. Mume wangu alibaki na springi yake. Mimi nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda mtoni kuchota maji. Upepo wa Makambako una saa zake, alasiri, jua likianza kuinama. Siku ile ulikuja kabla ya chakula cha mchana.

Yaliyotokea nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hadithi zao zinalingana.

Mume wangu aliona majani ya kilimani yamelala. Alitoka chini ya lori akakimbilia mbele ya ukumbi, na kigingi kimoja kilikuwa kimeshang'oka. Aliikamata kamba kwa mikono. Angeilegeza ili turubai lishuke, nguzo ingemwangukia mama, kwa sababu mama alikuwa ndani ameikumbatia. Kitambaa kichwani, macho yamefumbwa. Alikuwa anaishikilia nyumba ya binti yake.

Njia ya kutokea ilikuwa moja, na mume wangu amesimama hapo hapo. Mama asingeweza kutoka bila kukutana naye uso kwa uso, na yeye asingeweza kuingia. Hatua mbili za mtu mzima. Angeingia akamshika mkono, wangetoka. Angemwita, "Mama, achia nguzo." Alichofanya ni kugeuza uso pembeni na kupiga kelele kuelekea njia ya mtoni, ambako hakuona mtu:

"Mwambieni mama aachie nguzo! Mwambieni mama aachie!"

Kelele zile nilizisikia nikiwa napanda na ndoo. Niliona turubai likijaa, likapanda juu lote pamoja na nguzo, kamba ikimchana mume wangu viganja. Mama aliinuliwa na nguzo yake akatupwa kwenye bodi ya lori.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Hapo mume wangu alisahau ukwe wote, akamkimbilia akamnyanyua mikononi. Alimbeba akitazama mbinguni. Na mama, katika maumivu yale, alivuta kanga akajifunika uso ili asimwaibishe. Nilitembea nyuma yao nikiwa na hasira ambayo sikujua nimpe nani. Nina hasira hiyo bado. Nawakasirikia wote wawili kwa adabu yao, na nawapenda kwa hiyo hiyo adabu, na siwezi kuvitenganisha.

Aliendesha mpaka hospitali ya misheni polepole, akikwepa kila shimo. Mama alilazwa. Mume wangu alikuwa akija na kukaa nje chini ya dirisha, ameegemeza mgongo ukutani, nami nilibeba salamu kupitia dirishani kama kawaida.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. Nikamuuliza mama, "Hukumsikia? Alipiga kelele uachie."

"Nilimsikia vizuri," mama alisema. "Lakini hakuwa anasema na mimi."

Kisha akaongeza, "Mwambie mikono yake ilikuwa imechanika, lakini alinibeba vizuri."

Nilimwambia. Alivitazama viganja vyake vilivyofungwa bandeji, akalia kwa sauti, na nadhani mama alisikia kilio kile, maana alianza kuimba polepole. Homa ya mapafu ilimchukua kabla mfupa haujaunga.

Tulimzika kwao, karibu na mianzi yake. Wakwe walisimama mbali, kama inavyotakiwa. Watu walipoanza kutawanyika, mume wangu alitoka kule alikokuwa, akawapita wazee, akaja mpaka kwenye udongo mbichi. Wazee waliguna. Hakugeuza uso pembeni. Hakunitazama mimi wala hakusema, "Mwambie."

"Kamwene, mama," alisema.

Akasimama akingoja. Nami, kwa mazoea, nilikuwa nimeshapiga hatua kuipeleka salamu ile na kuleta jibu. Nilifika kwenye kaburi, nikakaa chini.