Majina niliyotaja nikitembea leo

Leo nimemuita mutu aliye Kabambare, mimi nikiwa Kasongo, bila simu.

Ngojeni, musicheke kwanza.

Munajua ugonjwa wa kutetemeka, Parkinson, umeanza kunishika mukono. Muganga amenipa zoezi la kutembea huku nikitaja majina, ili miguu na akili vitumike pamoja. Wengine wanataja matunda. Mimi, mutu niliyevuka muto Lualaba na kasia lililovunjika, nitaje ndizi?

Nikataja wenzangu saba wa pirogi yetu, mutumbwi wetu wa Nyangwe. Hatua moja, jina moja, kwa sauti. Kila jina, mukono unatulia. Nikajisifu sana!

Mudogo wangu Asha, aliyenisindikiza, akasimama.

"Yaya, mukubwa wangu, nyamaza! Unawataja vile walivyofuatana kufa."

Kweli kabisa. Na sikupanga hata kidogo.

Lakini jina la saba lilikuwa limekwisha kutoka: Ramazani. Na Ramazani iko muzima, iko Kabambare!

Tukapiga simu. Ikalia, ikalia. Mwishowe akashika.

"Ni wewe umeniita sasa hivi huku shambani?"

"Uliitika?" nikamuuliza.

"Nani anaitika sauti isiyo na mutu? Nilinyamaza, vile mama zetu walitufundisha: ukiitika, unakufa."

Mukono wangu ukaanza tena.

Sasa muganga anasema kesho nirudilie majina yale yale, kiisha niongeze moja.

Ndugu zangu, mule ndani ya pirogi tulikuwa wanane. Wa nane ni mimi.

Munanishauri nini? Nitaje ndizi tu?