Mtoto aliyejibu kabla ya kuulizwa

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Mkoba amekaa kwenye mkeka, miguu ameikunja, macho yake hayabanduki kwenye vidole vya mtoto. Mtoto anapanga vipande vya mbao kimoja juu ya kingine. Vitano, sita, saba. Cha nane kinayumba kidogo, kisha kinatulia.

Miezi mitatu iliyopita mkono huohuo ulishindwa kuweka cha tatu. Mama Mkoba anatia alama kwenye fomu, na uso wote unamchanua.

Jina la Mama Mkoba alipewa na watoto wa mitaa anayopita, kwa sababu ya mkoba wa kahawia usiotoka begani. Ana miaka arobaini na sita. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kupima hatua za watoto waliochelewa kutembea, kusema au kushika vitu. Kwa sasa anao arobaini na mmoja, na kila mmoja humpima kila baada ya miezi mitatu. Viatu anamaliza jozi tatu kwa mwaka.

"Watu wanadhani nacheza," anasema. "Na kweli nacheza. Ila nacheza huku roho iko juu."

Mtoto wa leo, ambaye bibi yake humwita Kipusa, ana miaka miwili na miezi kumi. Mama yake hutoka mapema kwenda kiwanda cha nguo, kwa hiyo anayeshinda naye ni bibi. Kila Alhamisi huja mwalimu wa mazoezi kumsaidia kusema na kutumia mikono. Kipimo cha leo ndicho kitakachoamua kama mwalimu huyo ataendelea kuja. Alama zikifika thelathini, mtoto huhesabiwa amewafikia wenzake, na nafasi yake hupewa mwingine anayesubiri.

Baada ya vipande vya mbao zinafuata picha. Kadi zinamponyoka Mama Mkoba, zinatawanyika chini, naye anaziokota shaghalabaghala. Anayoinua kwanza ni ya kikombe.

"Kiatu," anasema Kipusa.

Anainua ya ndizi.

"Paka."

Anainua ya kiatu.

"Mpira," anasema Kipusa, bila hata kuitazama.

Mama Mkoba anabaki ameshika kadi hewani. Kiatu, paka, mpira: huo ndio mpangilio wake wa siku zote. Mtoto anajibu maswali ambayo hayajaulizwa.

Anamgeukia bibi. Bibi anatazama dari.

"Mama, hizi picha amezionea wapi?"

Bibi anaguna, anainama chini ya kitanda na kutoa boksi la viatu. Ndani mna vipande vinane vya mbao vilivyopigwa msasa vizuri, na kadi za katoni zilizochorwa kwa kalamu. Paka wa bibi ana masikio ya punda.

"Vipande alinikatia seremala," anasema. "Picha nilichora mwenyewe, wewe ulipokuwa umenipa mgongo. Huyo paka alinitoa jasho. Tunafanya kila siku baada ya kuoga."

"Kwa nini, mama?"

"Si ulisema mwenyewe, ukirudi tutaona kama atafaulu? Mtu akifeli anafukuzwa, mwanangu. Mimi najua shule."

Mama Mkoba anakiri kwamba neno hilo lilimtoka yeye. Anaeleza taratibu kuwa huku mambo ni kinyume: alama zikiwa nyingi ndiyo mwalimu haji tena. Bibi anashika tama.

"Kwa hiyo nimemharibia?"

"Sijui, mama."

"Lakini vipande kapanga yeye. Mkono si wake? Kujifunza si ndiko mnakokupima?"

Kwa miaka kumi na mmoja, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Mama Mkoba anairudia fomu yake. Fomu ina visanduku vitatu tu: hawezi, anaanza, anaweza.

"Nikihesabu yote, hata picha kwa kuwa majina anayajua, ni alama thelathini na nne," anasema baadaye, akikuna kichwa kwa kalamu. "Nikitoa picha, thelathini kamili. Nikitoa na vipande, ishirini na saba. Lakini vile vipande nimeviona kwa macho yangu. Nikiandika hawezi, nimedanganya. Nikiandika anaweza, nimemnyang'anya mwalimu wake. Nimechanganyikiwa, sikufichi."

Anampigia simu msimamizi wake. Msimamizi anamwambia aandike alichokiona.

"Sasa nimeona nini?" anauliza.

Hatimaye anaongezewa siku hadi Jumanne.

Anakusanya vitu vyake. Kabla hajainuka, Kipusa anaelekea mlangoni, hatua zake bado za kutafutatafuta, anarudi na kiatu kimoja cha mgeni. Anakiweka miguuni pake. Anakwenda tena, analeta cha pili.

"Na hili umemfundisha?" anauliza Mama Mkoba.

"Hilo hapana," anajibu bibi. "Labda amekuchoka."

Wanacheka wote wawili, kicheko cha watu waliokuwa karibu kulia. Mama Mkoba anatafuta kwenye fomu mahali pa kuandika habari ya viatu. Hapapo. Anageuza karatasi na kuandika nyuma, kwa penseli: ameleta viatu, vyote viwili, hakuagizwa.

Mpango wake ni kurudi Jumanne bila mkoba, akae asubuhi nzima na kumwangalia mtoto akila, akicheza na sufuria, akimwita bibi yake. Hajui kama ofisi itaukubali ushahidi wa namna hiyo. Anatumaini utatosha kumbakiza mwalimu wa Alhamisi, angalau kwa miezi mitatu mingine.

Bibi anamsindikiza hadi mlangoni.

"Hiyo Jumanne," anauliza kwa sauti ya chini, "nimfundishe nini?"

"Usimfundishe kitu, mama. Nakuomba."

Bibi anaitikia kwa kichwa, lakini boksi bado amelikumbatia.