Mwongozaji Asiye na Kivuli

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili yote niliyopewa na shule ya jioni, kwamba treni ya Wajerumani inaendeshwa kwa vivuli vya watu. Cheka tu, lakini usiende mbali, maana kwa sababu ya imani hiyo nilikutana na mtu ambaye hakuwa mtu. Kisa hiki ni changu. Sikuhadithiwa na shangazi wala sikukiota. Miguu yangu ilikuwepo, na masikio yangu haya yaliyotogwa, yanayoning'inia hadi karibu na kiuno, nayo yalikuwepo.

Nilikuwa karani wa Mgiriki mmoja mwenye duka pale Gulwe, stesheni yetu. Siku moja akapata barua kutoka Ujerumani. Bwana mmoja wa huko alitaka kuja likizo kuvua samaki, na alitaka kila kitu kiandaliwe kabla hajafika. Mgiriki akanisomea kwa Kiswahili, nami nikaandika. Huyo bwana alitaka mto wa milimani, maji ya baridi yanayofika magotini. Angevua kwa fimbo nyembamba na ndoano iliyovikwa manyoya ya ndege. Alitaka mwongozaji wa kusimama naye majini na kumwonyesha samaki walipo. Kila samaki atakayemnasa atamrudisha mtoni. Na mwisho, kwa mstari uliopigwa chini yake: mwongozaji asiache kivuli chake kianguke majini.

"Mwongozaji utakuwa wewe," Mgiriki akasema.

Mimi? Sisi wafugaji wa Ugogo, samaki tulikuwa tukimhesabu ndugu wa nyoka. Nikaenda kumsomea orodha yangu Masanja, mnyapara wa wapagazi. Masanja alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu, na wewe unajua Mgogo na Mnyamwezi wakikutana hakuna neno linalobaki ndani ya shuka.

Masanja akasikiliza, akashusha sauti. "Mtani, umekwisha. Mtu avue samaki halafu amrudishe? Hataki samaki huyo. Manyoya yale ni ya kunasia vivuli. Kivuli chako kikigusa maji tu, anakivuta, anakitia ndani ya sanduku, kinapelekwa kusukuma treni. Unadhani chuma kikubwa namna ile kinakwenda kwa moto wa kuni?"

Niamini, usiku huo sikulala, na mchana wake nilitembea chini ya miti tu. Mtu asiye na kivuli si mtu, ni nguo iliyoanikwa. Nami nilikuwa na mchumba aliyekuwa akinisubiri.

Wiki mbili kabla ya mgeni kufika nilipanda peke yangu milima ya Kibakwe kutafuta mto. Niliupata asubuhi, ukungu bado mzito kama maziwa ya mgando. Maji yalikuwa ya baridi hata meno yalinigongana kwa kuyatazama tu. Katikati ya mto alisimama mwanamume mrefu, kitambaa kimoja kiunoni, mabega yamevimba sugu za mizigo.

"Unatafuta mwongozaji," akasema. Hakuuliza.

Jua likapasua ukungu. Kila kitu kikaangusha kivuli: mawe, majani, hata nzi mmoja. Yeye hakuangusha kitu. Maji yaliyomzunguka yalikuwa meupe matupu.

Mtu mwenye akili zake angekimbia, sivyo? Mimi nilifurahi. Haki ya Mungu, nilitaka kumkumbatia. Nilijisemea: maskini huyu treni imeshamla, hana tena cha kunaswa. Huyu ndiye mwongozaji wangu!

"Bwana atakuja na wapagazi," nikamwambia. "Utamwonyesha samaki. Utataka nini?"

"Siku ya tatu utanipa nilichokikosa."

"Utapata!" nikajibu, hata sikumuuliza ni nini. Nikateremka mlima nikiimba.

Mgeni akaja, mwekundu kama udongo wa kichuguu, na kofia iliyochomekwa manyoya pande zote. Kabla hatujaondoka Gulwe watu walikwisha kumwita Bwana Manyoya. Masanja na wapagazi wake kumi na wawili walibeba hema, viti, na sanduku refu la fimbo ambalo hakuna mtu aliyetaka kutembea karibu nalo.

Mwongozaji alikuwa amesimama palepale, kana kwamba hakuwahi kutoka. Siku ya kwanza Bwana Manyoya alivua samaki arobaini, au tuseme ishirini. Vyovyote iwavyo, alirusha ule uzi kama mtu anayeandika hewani, na kila mwongozaji aliponyoosha kidole samaki aliruka. Alimshika kwa mkono uliolowa, akamtazama, akamwacha aende. Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Bwana akaniambia kwamba katika nchi zote alizovua hajapata kuona mwongozaji asiyewashtua samaki namna hii. Mimi nilikaa mbali, kivulini, nikichekelea.

Siku ya tatu mchana nilitoka kwenda kuteka maji. Masanja alikuwa amekaa juu ya jiwe.

"Mtani," akasema, "kivuli chako umekiuza wapi?"

"Nenda zako."

"Sikutanii. Tazama chini."

Nikatazama. Cha ndoo kilikuwepo. Cha mkono ulioishika hakikuwepo. Niliruka, niligeuka, nilinyanyua mguu mmoja kama korongo. Udongo mtupu. Na palepale nikasikia Bwana Manyoya akipiga kelele mtoni: "Kivuli! Kivuli!" Samaki walikuwa wakitawanyika kama kuku. Mwongozaji alikuwa amesimama majini, na mbele yake kilikuwa kimelala kivuli kirefu, cheusi, chenye masikio mawili yanayoning'inia. Huyo mtu masikio yake hayakuwahi kuguswa hata na sindano! Unadhani yalikuwa ya nani?

Bwana akaenda hemani kwa hasira. Nikaingia mtoni.

"Nirudishie," nikasema.

"Wewe ni Mgogo," akanijibu taratibu. "Mimi ni Mnyamwezi. Nilipita hapa na pembe ya ndovu begani, mto ukanichukua, wenzangu wakaendelea na safari. Nilichokikosa ni mtani wa kunizika. Kivuli chako nimekishika rehani tu." Akanyoosha kidole chini ya mizizi ya mti ulioinamia maji. Nilipogeuza shingo kutazama na kuirudisha, mto ulikuwa na maji tu. Na kivuli changu kilikuwa kimeondoka naye.

Chini ya mizizi tulikuta mifupa, na kipande cha kamba ya mzigo bado kimeizunguka. Masanja, ambaye nilidhani hana machozi, alikaa chini akalia kama mtoto. Marehemu alikuwa wa kwao. Basi tukagawana kazi kama ilivyo desturi: wao wapagazi wakalia, mimi mtani nikatukana.

Tukachimba juu ya ukingo. Wakati wa kumshusha, niliruka mimi kwanza ndani ya kaburi, nikalala chali, mikono kifuani. Ndivyo mtani anavyofanya: analala humo, anakataa kutoka mpaka apewe chake.

"Toka, mtani," Masanja akasema huku akifuta kamasi. "Mwache ndugu yetu alale."

"Sitoki! Huyu ni mwizi! Amekuja Ugogo kwa miguu yake, amekunywa mto mzima peke yake bila kutubakizia, sasa anataka na shimo letu? Wanyamwezi mnabeba mizigo ya dunia nzima, mnasahau kubeba roho zenu!"

Wapagazi wakaanza kucheka katikati ya kilio. Mmoja akanitupia kipande cha muhogo. Mwingine akanipa tumbaku.

"Sitaki muhogo! Nataka kivuli changu! Asiponipa nalala hapa mpaka mvua za mwakani, na yeye abaki kulowa!"

Nilikuwa nikipiga kelele, lakini ndani nilikuwa nimekufa nusu. Je, kama hasikii? Je, kama nitateremka mlima ule nikiwa nguo iliyoanikwa, yule binti anitazame chini miguuni kisha afunge mlango?

Udongo chini ya mgongo wangu ukawa wa baridi. Kisha nikasikia kitu kikinishika visigino, kizito kidogo, kama mbwa anayejilaza miguuni pa mwenyewe. Nikasimama. Jua la alasiri liliingia kaburini upande, na ukutani nikaona kichwa, mabega, na masikio mawili yakining'inia. Niliyapungia mkono. Yakanipungia! Nilipanda juu bila kusaidiwa nikawakumbatia wapagazi wote kumi na wawili, na mmoja wao mara mbili.

Tukamlaza, tukamfunika, tukamwekea mawe. Kesho yake Bwana Manyoya alivua bila mwongozaji, akapata samaki mmoja, akasema ndiye mtamu kuliko wote aliowahi kuwapata. Sikumuuliza Wajerumani wanaujuaje utamu wa samaki wasiyemla.

Tangu siku hiyo kivuli changu huchelewa kidogo. Nikivuka mto mimi hutangulia, chenyewe hubaki ng'ambo kwa kitambo, kisha hunikimbilia. Mke wangu amekizoea, watoto hukisubiri. Nawe unayesoma, mtu akikubali kazi yako upesi, muulize anataka nini na usiondoke mpaka ajibu. Na ukipita kivukoni ukakuta mifupa ya msafiri, usimruke. Tafuta mtani wake.

Na lile la treni? Tuliporudi Gulwe treni ilikuwa inaingia, nami nikajificha nyuma ya magunia ya karanga, nimejikunja nisiangushe kivuli hata cha kidole. Masanja akanikuta hapo. Safari hii hakucheka, alichuchumaa karibu yangu.

"Mtani," akasema, "treni inakula kuni. Lile nililitunga mimi. Na Mzungu hataki kivuli majini kwa sababu samaki wakikiona wanakimbia."