Kiti cha Wanjala

Tangu mumewe azikwe, Zilpah hakuwa amelia. Watu walimsubiri alie matangani, wakachoka, wakanywa chai, wakaenda zao. Baadaye alirudi kwenye jiko la shule ya bweni karibu na Bukura alikokuwa mpishi, akashika mwiko na kusonga ugali wa wanafunzi kama kawaida. Mboga alizionja, ila ulimi haukumwambia kitu.

Aliyemtoa jikoni ni mama mkwe wake, Nekoye. Mwili wa Wanjala ulikuwa umeletwa kutoka Mombasa na kuzikwa kando ya nyumba yake, lakini Nekoye alishikilia kwamba mwanawe mwenyewe bado yuko huko alikoanguka. Ndotoni alimwona amesimama kando ya ukuta mrefu, akiuliza njia. Kwao, mtu aliyefia mbali hufuatwa mahali pale pale, huchotwa udongo kidogo, huitwa kwa jina lake, kisha huletwa.

"Ananiamshanga kila siku," mama alisema. "Mimi sina usingizi tena. Na si mimi wa kumwita. Aitwe na mwenye nyumba yake. Akikataa sauti yako, atafuata ya nani?"

Basi Zilpah akasafiri pamoja na shemeji yake Simiyu, mwendesha bodaboda asiyejua kunyamaza.

Mahali penyewe palikuwa ngome ya kale juu ya bahari, siku hizi bustani ya umma. Wanjala alikuwa seremala katika karakana ya jirani, na mchana alizoea kupumzika ndani ya ngome, chini ya ukuta. Hapo ndipo moyo wake uliposimama. Zilpah alipita chini ya lango nene, akaona nyasi zilizokatwa vizuri na mizinga yenye kutu iliyoelekezwa majini, wanafunzi wakipigana picha juu yake. Mwelekezi wao alikuwa akiwaeleza habari za askari waliozingirwa humo wakafa kwa njaa na maradhi, mbali na kwao. Zilpah alijiuliza kama kuna aliyewafuata wale. Lilikuwa swali tu. Halikumuuma popote.

"Yule fundi wa Kakamega?" mlinzi wa bustani akasema walipomuuliza. "Alikuwa akikaa hapo, karibu na mzinga wa mwisho. Muhogo wake nusu alikula yeye, nusu walikula paka."

"Ni yeye," Simiyu akasema. "Hata nyumbani alikuwanga hivyo. Kuku walinenepa, sisi tukakonda."

Zilpah akachutama kando ya mzinga, akafungua mfuko mdogo na kuanza kukwaruza ardhi kwa kijiko.

"Hapana, mama," mlinzi akasema. "Humu hamtoki kitu. Si jiwe, si mchanga, si jani."

"Ni kijiko kimoja tu, mzee," Simiyu akasema.

"Na wewe nikikuachia kijiko, kijana, wa kesho atakuja na toroli."

Simiyu akamweleza kilichowaleta. Mlinzi alisikiliza akiwa ameshika kofia yake mkononi. "Poleni," akasema. "Udongo siwezi kuwapa. Lakini kumwita mtu hakujakatazwa. Mwiteni." Akaondoka kwenda kuwashusha wanafunzi kwenye mizinga.

Sasa ilibaki sauti peke yake, na sauti ndiyo aliyoiogopa Zilpah. Ndani yake hamkuwa na kitu.

"Baba Natasha," akaita. "Twende nyumbani."

Ilitoka kama anavyowaita wanafunzi waje na sahani.

"Jina lake, shemeji," Simiyu akanong'ona. "Mababu walio huko ardhini watamjuaje huyo Baba Natasha? Natasha alizaliwa juzi."

Tangu aolewe, Zilpah hakuwahi kumtaja mumewe kwa jina. Mke wa heshima hakufanya hivyo. Akalitamka polepole, kama mtu anayesoma bango. "Wanjala. Mama yako anakungoja. Twende." Upepo ukapita. Hakuna kilichomgusa, si ukutani, si kifuani. Wakatoka bila kugeuka nyuma, kama walivyoagizwa.

Kwenye basi la kurudi Simiyu alikata tikiti ya tatu, ya kiti kilicho kando ya Zilpah. Huko Voi abiria mmoja akainama na kuuliza, "Hapa kuna mtu?"

"Kuna mtu," Zilpah akajibu, akageukia dirisha.

Walifika asubuhi. Nekoye alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba ya Wanjala, kitambaa kimefungwa kiunoni, macho mekundu. Hakuwasalimu.

"Amekuja?"

Simiyu akamgeukia Zilpah. Zilpah alitaka kusema ukweli, kwamba hakusikia lolote. Akajaribu kuhamisha mkoba na mkono ukakataa. Mkono wote wa kulia, uliokuwa upande wa dirisha, ulikuwa umekufa ganzi. Njia nzima alikuwa amejikunyata kwenye ubavu wa basi, kiti cha pembeni kikiwa kitupu, kwa sababu Wanjala akilala hutanua mabega, na miaka yote ya ndoa ndivyo alivyompisha.

"Alinibana njia nzima, mama," akasema.

Nekoye akamtazama ule mkono unaoning'inia. Kisha akaachia pumzi ndefu, akasogea kando ya mlango.

"Huyo ndiye," akasema. "Piteni."

Zilpah akasimama kwanza hatua moja kando, akampisha mumewe atangulie.