Mgeni kwenye Wi-Fi ya nyumba yangu

Banange, jamani, leo nimeambiwa picha zote za mwanangu zimekufa.

Tangu Patra azaliwe naziweka kwenye kile kisanduku cha diski kilichounganishwa na Wi-Fi ya nyumbani. Asubuhi nafungua, simu inasema hakionekani.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anakaa kwetu na anajiita mtaalamu wa mitandao. Nilipomwita aangalie, hata kwenye kochi hakuinuka.

"Mama Patra, diski imekufa hiyo. Naifuta tuanze upya."

Aifute! Video ya mtoto akianza kutembea imo humo, na baba yake yuko kazini Moroto, hajaiona.

"Usiguse," nikamwambia.

"Haya mambo huyaelewi, shemeji."

Sawa. Mtoto mgongoni, nikamwomba simu yake nijaribu. Akanipa huku anacheka.

Picha zote hizi hapa! Diski nzima kabisa.

Sasa sikieni. Jumapili alipobadilisha rauta alitengeneza Wi-Fi mbili. Ya nyumbani akaingia yeye. Ya wageni akaniweka mimi. Na aliye kwenye ya wageni haioni diski.

Kisa?

"Mpira ulikuwa unakwama kwenye simu yangu tukiwa Wi-Fi moja."

Mpira! Mimi ninayelipia intaneti, ninayemfulia mpaka soksi!

Video nimemtumia baba Patra. Nenosiri la Wi-Fi ya nyumbani nimelibadilisha, nimebaki humo mimi. Chakula cha mtaalamu nimekifunika mezani, njaa sitamtesa nayo.

Saa hii mechi inaanza, anazunguka na simu mkononi. "Mama Patra, nenosiri jipya?"

Nyie mngempa?

Mimi nimemwambia la wageni nimelibandika kwenye friji.