Nilijua Mkono wa Kanta Unakufa, Nikanyamaza

Nilimwona kijana akiungua vidole huku anacheka.

Si utani. Alishika birika la chuma lililotoka kuchemka juu ya jiko la mafuta. Akalishika tumboni, si mpinini. Ngozi ikatoa harufu. Yeye anaendelea kumsimulia mwenzake habari za mtihani wa hesabu.

Ndipo akaona naangalia mkono wake.

Akalitua birika, akaficha mkono mgongoni. Tukatazamana kama wezi wawili waliokutana dirishani kwa watu.

Naitwa Hidaka. Miaka kumi na tisa nimekuwa msaka vipaji wa timu moja ya besiboli ya kulipwa hapa Japani. Jina lake niachieni. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka shule za sekondari za kaskazini, kukaa nyuma ya wavu na kipima kasi mkononi, kutafuta mtoto anayerusha mpira kama risasi.

Huyo wa birika aliitwa Osanai Kanta, miaka kumi na minane, shule moja katikati ya mashamba ya matufaha, Aomori. Mrefu, masikio makubwa, njaa muda wote. Saa moja kabla nilikuwa nimempima akirusha. Kilomita 156 kwa saa. Nikadhani kifaa kimeharibika, nikakipiga kofi. Mpira uliofuata, 156 tena.

Mdakaji wake alivua glovu, akapuliza kiganja. "Oya, Kanta! Mimi nina mama bwana!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Niseme ukweli, mwaka ule sikuwa mtu. Mke wangu Fusae alifariki Februari. Tangu hapo nilikuwa kama nimechomwa sindano ya ganzi mwili mzima. Naendesha gari kwa saa nne, nikifika siikumbuki barabara. Hata msibani sikulia. Shemeji zangu walinisema sana.

Kwa hiyo nilipoviona vidole vya Kanta, nilijua. Ila sikuhisi kitu.

Nimeona mikono mingi. Mrushaji ambaye vidole vyake havihisi moto, wakati mwingine mshipa wa damu umebanwa begani. Damu haifiki vizuri. Akiendelea kurusha, inaganda. Ikiganda, mkono unaweza kwenda. Na mtu mwenyewe pia.

Kesho yake nikampigia bosi wangu, Mizoguchi.

"Mia hamsini na sita? Hidaka, umeokota dhahabu!"

"Mkono mbovu, bosi. Vidole vina ganzi."

Nikamsikia anatafuna kitu.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi ibaki hivyo hivyo, hakuna. Sisi tunampita. Siku ya uteuzi, timu zikichagua vijana wapya, wenzetu wakimgombania, shauri yao. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na sheria unaijua. Wewe husemi na mwanafunzi wala mzazi wake mpaka aombe rasmi kuingia ligi. Usije ukajifanya malaika."

Nikasema sawa. Neno jepesi hilo.

Mei na Juni nilikwenda kumwangalia mara sita. Ningepotea, wasaka vipaji wengine wangeshtuka. Kila mechi, kabla ya kurusha mpira wa kwanza, Kanta alitupa jicho nyuma ya wavu. Akiniona, anainamisha kichwa kwa heshima. Nami nainamisha changu. Kisha anarusha.

Raundi ya tatu anavifikicha vidole kwenye suruali. Raundi ya saba anaviuma.

Niliandika yote kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri.

Julai ikaja, mashindano ya mkoa. Nusu fainali. Jua la kuchemsha ubongo, jukwaa limejaa, ngoma na matarumbeta. Walibakiza kushinda mechi mbili tu waende mashindano ya taifa, yale ambayo kila mtoto wa besiboli nchi hii anayaota.

Raundi ya sita mkono wake ulikuwa na rangi mbili. Juu ya kiwiko, mwekundu kwa jua. Chini, mweupe kama figili.

Viti viwili mbele yangu alikaa mwanamke mwenye kofia ya kiwanda cha kufungasha matufaha. Alikuwa anasema peke yake, "Bado kidogo, baba. Bado kidogo." Masikio makubwa. Sikuhitaji kuuliza ni mama wa nani.

Sijui nini kilinisukuma. Huruma sikuihisi, nisiwadanganye. Nilisimama tu kama mtu anayekwenda chooni, nikamwinamia.

"Mama Kanta?"

"Eeh?"

"Mtoe mwanao. Mkono wake haupati damu. Mtoe sasa hivi."

Akakitazama kitambulisho changu kifuani. "Wewe si mtu wa timu wewe? Mmeona wenzenu watamchukua, sasa mnaleta uchuro?"

"Usinitazame mimi, mama. Utazame mkono."

Akageuka. Akautazama.

Alishuka ngazi akisukuma watu, akaung'ang'ania wavu wa benchi kwa mikono miwili. "Kanta! Toka humo! Kanta!"

Kocha akamwambia, "Mama, tulia, hii ni nusu fainali."

"Nusu fainali ni yako wewe! Mtoto ni wangu!"

Wakamtoa. Timu ikafungwa nane kwa tatu. Watu walimtazama mama yule kama kaua.

Hospitali wakakuta damu imeganda begani. Daktari alisema ingechezwa mechi moja zaidi, tungekuwa tunaongea mengine. Wakampasua, wakauokoa mkono. Ncha za vidole viwili hazikuokoka. Kurusha ndiyo basi.

Mizoguchi alisikia nimesema na mama, hakungoja wiki iishe. Alinifukuza, nami sikubisha.

Agosti nikaenda hospitali kumwona Kanta. Na hapa kuna aibu yangu: nilikwenda nikitarajia kushukuriwa. Si nimepoteza kazi kwa kumwokoa mtoto wa watu?

Alikuwa kitandani anakula tikiti kwa mkono wa kushoto.

"Mzee Hidaka. Asante kwa siku ile."

"Ungesema mapema, kijana. Ulijua."

"Nilijua vidole vina ganzi. Sikujua ni nini." Akatema mbegu. "Siku ile uliponiona na birika niliogopa. Nikasema huyu atamwambia kocha, nimekwisha. Hukusema. Mechi nyingine ukaja tena, hukusema. Nikajiambia, huyu mzee mikono anaijua. Ingekuwa kitu kibaya, angesema."

Nikashusha macho kwenye mbegu zile.

"Ndiyo maana nilikuwa nakutafuta kabla ya kurusha," akasema. "Nikikuona umetulia, na mimi natulia."

Hakuwa ananilaumu. Alisema kama mtu anayesimulia mvua ya juzi. Hicho ndicho kilichonimaliza.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Alisikia yote. Akanisindikiza hadi kwenye ngazi, hatua kwa hatua. Tulipofika akauliza kwa upole kabisa:

"Tatizo hili uliliona lini kwa mara ya kwanza?"

"Aprili, mama."

Akainua mkono, akakunja vidole kimoja kimoja. Aprili. Mei. Juni. Julai. Akavitazama vile vinne vilivyokunjwa. Kisha akaniinamia, heshima kamili, akarudi kwa mwanawe.

Ndugu zangu, ukiwa mtu wa kujua jambo fulani, watu wanausoma uso wako. Usidhani ukinyamaza umekaa pembeni. Umeshajibu.