Kitambaa Chekundu Chini ya Ganda la Mzinga

Walimwita Bwana Kitako, wala hakuchukia. Ukimletea ganda la mzinga, yale maganda ya shaba ya makombora ya vita vya zamani ambayo watu wameyageuza vyombo vya maua, hana habari na ubavu unaong'aa. Hulipindua kwanza, kama mama anayekagua sufuria iliyooshwa na mtoto mvivu. Hupaka unga wa chaki kitakoni, hufuta, na chapa hujitokeza nyeupe: alama ya kiwanda, kipimo cha mzinga, mwezi na mwaka. Kisha hukutajia asili yake bila kupindisha maneno. Wangapi wameondoka pale wamenuna!

Ganda moja tu hakuwahi kulipindua: la kwao. Mama yake alilitoa sandukuni yeye akiwa darasa la pili, akamwambia baba alirudi nalo kutoka vitani. Chini lilibandikwa kitambaa chekundu, eti lisikwaruze meza. Kwa ajili ya ganda hilo aliipenda kazi hii. Marehemu baba mwenyewe hakuwa msemaji. Ukimuuliza habari za vita, alitoka nje kupasua kuni.

Sasa jumba la makumbusho lilitaka kuliweka kwenye kabati la kioo, pamoja na jina la baba. Fomu ilidai chapa.

“Mama, naomba nikibandue kitambaa. Mara moja tu.”

Bibi kizee aliweka chini shati alilokuwa akilishona kifungo. “Bandua. Nimechoka kukuzuia.”

Alipaka chaki, akasoma, akafuta, akapaka tena. Mwaka ulikuwa ule ule: mmoja baada ya vita kwisha. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alitamani kudanganya.

“Chapa zimefutika, mama. Hazisomeki.”

“Uongo huuwezi, mwanangu. Hata sauti imekukauka.”

“Basi baba alilitoa wapi?”

“Hakulitoa popote. Alirudi mikono mitupu, usingizini analia. Wewe nawe ukarudi kutoka shule umepasuliwa mdomo, wenzio wanasema baba yako alijificha jikoni vita vyote. Nikaenda kwa muuza vyuma chakavu, nikalibeba kichwani mpaka hapa, nikaona lina mwaka wa baada ya vita. Nikakaa nalo nimeduwaa.”

“Baba alijua?”

“Alinikuta nalo. Akalitazama, akanitazama mimi. Akaenda kuleta gundi.”

Bwana Kitako alilia pale pale mezani, mtu mzima na mvi zake, na mama akamwacha alie. Alipotulia aliivuta fomu. Akajaza kiwanda, kipimo na mwaka kama vilivyo, bila kupunguza kitu. Kwenye nafasi ya aliyelileta ganda nyumbani, jina la baba lilikuwa limeshaandikwa tangu jana. Akalikata kwa mstari mmoja, akaandika la mama.